Kazi ya Kuosha

Nyumbani kwetu Kaloleni tulikuwa waosha wawili. Mama aliosha maiti, mimi niliosha simu.

Kazi ya mama ilikuwa ya thawabu. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mtaani, mtu alikuja kupiga hodi, na mama alijifunga kanga, akachukua sabuni, pamba na kafuri, akatoka. Akirudi hasemi. Ukimwuliza marehemu alikuwaje, anakukata kauli: "Mwosha hana macho." Ndiyo desturi yao. Ulichokiona kwenye mwili wa maiti unakizika pamoja naye.

Kazi yangu ilikuwa ya haramu, na nilijua. Nilikuwa na kibanda cha fundi simu, nabadilisha vioo na kutengeneza sehemu za chaji, na hiyo ndiyo kazi watu waliyoiona. Lakini kulikuwa na wezi wa sokoni walioniletea simu walizokwapua, nami naziosha. Natoa laini, nafuta picha, majina, meseji, kila kitu, mpaka simu inakuwa haina mwenyewe. Kuosha ndilo neno letu mafundi wa aina ile. Sikulitunga mimi, ila nililipenda, maana lilinifanya nijione kama niko kwenye kazi ya mama. Humo ndani ya simu niliona harusi za watu, vichanga vyao, na wengine hata uchi wao, na sikumsimulia mtu. Nikajisifu kwamba natunza siri. Ujinga wa mtu mzima ni mbaya kuliko wa mtoto, kwa sababu una hoja zake.

Siku moja waliniletea simu iliyokuwa ndani ya kifuko cha kitenge kilichoshonwa kwa mkono, kina kifungo kikubwa cha koti. Nilikuwa na tabia ya kupekua kidogo kabla ya kuosha. Nikabonyeza ujumbe wa sauti. Mzee akacheka, akakohoa, kisha akaita kwa Kimeru, mara tatu, neno lile lile. Kimeru sikijui. Nikafuta, nikaendelea na nyingine. Kifuko nilikiona kizuri, nikampelekea mama, naye akawa anatilia kafuri yake.

Haikupita wiki, mama mmoja mtu mzima akasimama mbele ya kibanda na tenga lake tupu la ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimezunguka kwa mafundi wote. Simu yangu imeibwa hapo sokoni."

Nikaanza kumwambia maneno ya kawaida, kwamba pole, kwamba mji umeharibika. Akanikatiza kwa upole.

"Simu siitaki, wabaki nayo. Nataka sauti ya mzee wangu, baba wa vijana wangu. Alikuwa amelazwa, akamwomba mgonjwa wa kitanda cha pili amrekodie, akanitumia. Kesho yake akafariki. Iko humo tu, sina pengine." Kisha akanionyesha kwa mikono ukubwa wa kifuko. "Nilikishona mwenyewe. Kifungo nilikitoa kwenye koti lake."

Ningeweza kusema palepale. Nikasema, "Nitakuulizia, mama."

Basi akawa anakuja kila siku ya soko. Mara ya pili aliniletea kichane cha ndizi. Nilipokataa, alisema ni za kunishukuru kwa kumhangaikia. Nilizichukua. Nyumbani mama alizipika na nyama, akazisifu, akaniombea dua mimi na huyo aliyenipa. Nilikula huku macho yangu yako sakafuni. Hakuna chakula kilichowahi kunishinda kumeza kama kile.

Mara ya nne mama yangu alikuwa amekuja kibandani, kaniletea chakula cha mchana. Yule mama wa Kimeru akafika, akaeleza tena kifuko chake, rangi ya kitenge, uzi wa kijani, kifungo cha koti. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho. Akampa pole ya msiba. Kisha akachukua hotpoti yake, akaondoka bila kunitazama.

Niliporudi nyumbani kafuri ilikuwa kwenye kisahani na kifuko kiko mkekani, kitupu.

"Simu yake uliifanyaje?"

"Niliiosha."

"Na sauti?"

"Nayo." Nikajikakamua: "Mama, si wewe unayesema mwosha hana macho?"

"Mwosha anaficha aibu ya maiti," akasema. "Wewe unaficha yako. Kesho unakirudisha."

Nikamwambia wataniua. Huko kwao mlimani mwizi akikamatwa hakuna wa kungoja polisi, na yule mama ana watoto wa kiume. Sikuwa natia chumvi. Nikaona machozi ya mama, yeye ambaye halii kwenye misiba ya watu.

"Wewe ni mwanamume, wakikuua sitaruhusiwa hata kukuosha," akasema. "Lakini nenda."

Nilikwenda. Kutoka Makumira, alikoniambia anashukia, nilipanda kwa miguu nikiulizia, migomba huku, kahawa huku. Nilimkuta uani anakatia mbuzi majani. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anapasua kuni. Nilimpa kifuko kabla ya salamu. Akakigeuza, akapapasa kifungo, akanusa.

"Kinanukia nini?"

"Kafuri, mama." Nikamweleza yote, pamoja na kwamba ni mimi niliyefuta, siku kadhaa kabla hajafika kwangu mara ya kwanza. Nilipomaliza nilisubiri apige yowe. Mlio mmoja tu ungetosha.

Hakupiga. Alikaa kwenye kigoda, kifuko mapajani.

"Kwa hiyo ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Basi wewe ndiye wa mwisho." Akafikiri kidogo. "Maneno yake ninayo, alikuwa ananiita. Sauti ndiyo inaniponyoka. Asubuhi naitafuta, siipati. Hebu nifanyie alivyofanya."

Sikumwelewa. Akarudia: nifanye kama nilivyosikia. Nikasimama uani kwa mtu niliyemwibia, nikacheka. Nikakohoa. Nikaita mara tatu lile neno nisilolijua, nikilivunja-vunja kwa ulimi wangu wa mjini. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Siyo yeye," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Kikohozi kilikuwa chini zaidi. Rudia."

Nikarudia. Nilikuwa nalia, na kilio kiliharibu sauti zaidi. Shoka likanyamaza nyuma ya nyumba. Mwanawe akatokea, mwanamume mzima, shoka begani, akaniangalia mimi kisha mama yake.

"Mama, nani huyu anakohoa?"

Nilifumba macho. Nilimkumbuka mama yangu na sabuni yake.

"Mgeni," akamjibu. "Kaendelee na kuni."

Akangoja mpaka shoka likaanza tena kugonga. Halafu akanigeukia.

"Rudia," akasema.