Sufuri Niliyoikuta Katika Kiigaji

Niliripoti kazini Jumatatu, tarehe 7 Machi 2005, saa mbili kasorobo asubuhi, katika maabara ya utafiti iliyokuwa orofa ya tano ya jengo moja katikati ya jiji la Nairobi. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka 1996. Stashahada yangu ya kompyuta niliipata ukubwani, katika darasa la vijana wa rika la binti yangu Njoki, na sioni haya kulisema hilo.

Mkuu wa Maabara, tuliyemwita Daktari, alinieleza kazi akiwa amesimama. Tulichunguza vichapuzi, yaani chipu zinazofanya aina moja ya hesabu kwa kasi zaidi kuliko kompyuta ya kawaida. Kutengeneza chipu halisi hatukuweza, hivyo tulitumia kiigaji: programu inayojifanya chipu, mpigo mmoja wa saa yake baada ya mwingine. Ilikuwa programu huria. Yeyote aliweza kuichukua, kuisoma ndani na kuirekebisha. Sekunde moja ya chipu ilikula siku nzima ya kompyuta, na stima ikipotea tulianza upya.

Kabla ya kila jaribio nilinakili vigezo vyote, yaani namba tulizokipa kiigaji, kwa kalamu katika daftari la jalada gumu. Otieno, mhandisi wetu, alinitania.

“Mama Njoki, hizo zote ziko kwa faili. Unaandikia nani, malaika?”

Nilimjibu kwamba malaika hawapotezi faili.

Mwezi wa Mei 2006 kichapuzi chetu kilionyesha kasi mara thelathini ya kompyuta ya kawaida. Daktari alitununulia soda. Ripoti ilitakiwa na wafadhili Ijumaa, na mkataba wangu, uliokuwa ukiisha Juni, ulitegemea fedha zao. Jumatano, tarehe 17, nikinakili vigezo vya jaribio la kuthibitisha, nilisita. Muda wa kungojea kumbukumbu, ghala ambamo chipu huchukua data, ulikuwa sufuri, kana kwamba data hufika bila kusubiriwa. Nilirudi nyuma kurasa kumi na moja. Sufuri ile nilikuwa nimeinakili kwa mkono wangu mwenyewe, kila mara, bila kuuliza.

Nilimpelekea Daktari daftari. Alizisoma zile kurasa kumi na moja.

“Mama Njoki, unajua hii ripoti ndiyo inatulisha?”

“Najua, Daktari. Lakini hakuna ghala linalotoa mzigo papo hapo mtu anapofika mlangoni.”

“Na ni wewe uliyenakili.”

“Ni mimi.”

Alivua miwani. “Basi weka namba ya kweli, uanze upya.”

Kasi ilishuka hadi mara tatu, na ndiyo iliyoandikwa. Wafadhili walipunguza msaada. Agosti tulihamia vyumba vya nyuma vya nyumba moja ya mtaa wa Spring Valley, bila Otieno, aliyepata kazi kwingine. Mimi nilibaki kwa mikataba ya miezi sita sita. Tangu hapo jaribio halikuanza kabla sijamsomea Daktari vigezo kwa sauti, naye akiuliza kila kimoja, “Kwa nini?”

Nilistaafu Alhamisi, tarehe 31 Desemba 2009. Vijana huniuliza nilivumbua nini. Sikuvumbua kitu. Marekebisho yetu tuliwatumia wanaokitunza kiigaji, nao wakayapokea: tangu hapo programu hiyo hukataa kuanza mpaka mtumiaji aandike muda wa kungojea. Wengi wanaoichukua hukasirika kidogo, kisha huandika. Hawajui ni nani anayewauliza.