Mkosi wa Liwa

Temeke nzima, Bi Tabu ndiye aliyesinga maharusi, akiwapaka mwilini liwa, ule mti wa manukato, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mume. Leo alikuwa barazani kwa kina Tunu, biharusi wa Ijumaa, hatulii mkekani, maana shangazi mtu, Bi Mwanahawa, hakumtaka.

"Ulimsinga Zena, haukuandama mwezi mwingine mumewe kachukuliwa vitani. Una mkosi wewe!"

"Dada Mwanahawa, vijana wa mji mzima wamechukuliwa vitani. Wake zao wote niliwasinga mie? Na pilau ya harusi ya Zena ulipika wewe. Mbona mkosi usiwe wa sufuria yako?"

Wanawake wakaangua kicheko. Tunu akapaza sauti kutoka ndani: "Shangazi, mie nasingwa na Bi Tabu!"

Basi Bi Tabu akaanza kusugua liwa juu ya jiwe. Mara kijiti cha liwa kikakatika mkononi. Akawaza: na mume wa Tunu naye je? Kisha akaona haya. Si maneno yale yale ya Mwanahawa? Akaokota kipande, akaendelea kusugua, lakini macho hayakubanduka pale kilipokatikia.