Makochi Niliyoyashinda Mnadani Mbumbuni

Nilirudi kutoka Doha na diploma ya ununuzi na ugavi, pesa za jasho langu, na nyumba ya vyumba vitano nje ya Mbumbuni niliyoijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Ndani yake mlikuwa na viti vitatu vya plastiki. Niliposikia kuna mnada wa makochi sokoni, nilivaa shati jeupe na miwani ya jua, nikaenda kuwaonyesha watu jinsi msomi anavyonunua.

Makochi yalikuwa ya mjane aliyemdhamini mwenzake wa chama kuchukua mkopo. Mwenzake akahama bila kulipa, dalali akaja na lori. Hilo nililijua. Nisilolijua, baada ya miaka tisa ughaibuni, ni kwamba pale kwetu vitu vya jirani vikipigwa mnada, watu huja kwa wingi na kunyamaza. Anayetaja bei ni mtu wa nyumbani pekee, ili mali irudi kwa bei ya chini.

"Elfu sita," akasema binti wa mjane.

Kimya. Nikawahurumia wote waliokuwa pale. Niliamini wananiogopa.

"Elfu nane!" nikasema, kwa sauti yangu ya mikutanoni.

Binti akageuka. "Nane na nusu."

"Kumi na mbili!"

Watu wakaguna. Nikadhani wamestaajabu, nikawapungia mkono.

Nililipa, nikamwita mwenye mkokoteni. Akajifanya anakagua gurudumu. Muuza maembe mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyenihurumia.

"Wewe msomi, huko ulikokuwa hakuna majirani?"

Akanieleza yote, bila kupunguza sauti. Kisha akanionyesha mjane. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kiondo mapajani, na ndani ya kiondo vile vitambaa vyake vya makochi, vimefuliwa na kupigwa pasi, tayari kutandikwa siku hiyo hiyo. Kwa mara ya kwanza miwani yangu ilinifaa kitu.

Nikamfuata binti. "Dada, yachukue kwa ile sita yako."

"Nina nane na nusu."

"Sita inatosha."

"Hatuombi, kaka. Nane."

Soko zima likacheka: mimi muuzaji nikitaka bei ya chini, yeye mnunuzi akitaka ya juu. Tukakutana kwenye saba. Hapo gurudumu likapona ghafla, ila mwenye mkokoteni akasema kochi la watu watatu halina nafasi. Nikalibeba upande mmoja, muuza maembe upande wa pili, kilima chote, na yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimechoka.

Nyumbani kwake, mjane alitandika vitambaa kimoja kimoja, akavinyoosha, kisha akaligonga lile kochi kubwa kwa kiganja.

"Keti, mwanangu. Si ulilitaka sana?"

Nikaketi. Springi ikanichoma pajani, ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimelikagua.

"Ni laini sana, mama," nikasema.