Bomba la Juu la Marijani

Mzee Hija wa Temeke, fundi wa kuunda baiskeli, alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Mteja akitaka fremu nyepesi, atamwuliza kwanza anabeba nini, magunia au maringo. Mwanawe Marijani alibeba maringo, basi akamwundia fremu ya mabomba membamba, kiti juu kwa ajili ya miguu yake mirefu, na uma wa mbele akaulaza kidogo ili barabara mbovu isimtikise. Marijani aliipanda mwezi mmoja tu, akapelekwa vitani Burma.

Vita vilipokwisha akaja Gaspar, askari mwenzake. "Shikamoo, mzee. Marijani tulimzika kule kule. Wenzake Waislamu walimlaza kuelekea kibla."

"Mlimzika mwingine," Hija akamjibu, akaendelea na kazi.

Sasa huo ni ubishi gani? Matanga hayakuwekwa, hitima haikusomwa. Baiskeli ikawa inapakwa mafuta kila Ijumaa. Mkwewe Mwajabu, mke wa Marijani, alikuwa akiwauzia vitumbua makuli wa Kurasini. Aliruhusiwa kuipakia kapu na kuisukuma kwa mkono njia nzima, maana mwanamke na kanga zake ataliruka vipi bomba la juu?

"Baba, lishushe bomba hili, nami nipande," alimwomba.

"Mwenyewe akirudi atapanda nini?"

Masika ilipoingia akateleza, akaanguka na kapu lake. Alirudi magoti yanavuja damu, vitumbua vyote vimeishia topeni. Aliosha baiskeli kwanza, ndipo akaosha magoti. Hija alimwona, na roho ikamuuma sana.

Kesho yake akashika msumeno. Kuliinamisha tu bomba lile jembamba hakukufaa, lingepinda kwa mzigo. Alilikata, akatia mawili manene yanayoshuka kutoka shingoni hadi karibu na pedeli, akayalehemu kwa shaba. Kisha akashusha kiti kulingana na miguu mifupi ya Mwajabu.

Mwajabu alipoitwa alisimama akaitazama fremu. Maneno ya Gaspar aliyaamini tangu siku ile ya kwanza. Lakini maadamu mzee alikataa, alikuwapo mtu mmoja duniani anayemngoja mumewe, na yeye akapata pa kuegemea. Sasa hayupo hata huyo. Akaketi chini, akalia kwa sauti, na majirani wakaanza kuingia uani kuuliza kuna nini.

Hija akatoka na mkeka, akautandika barazani.

"Kaeni," akawaambia. "Mwanangu Marijani amekufa."