Biskuti za Omena kwa Mbwa wa Baba

Mbwa wa baba alikuwa akijikuna kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia, na mimi nilikuwa nikimsikiliza. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya wiki ya kwanza nilipofika nyumbani. Alilala kando ya mlango wa jikoni, na kila alipoinua mguu wa nyuma kujikuna, goti lake liligonga bati la ukuta: ta-ta-ta-ta, kimya kidogo, ta-ta-ta. Nikiwa nachambua ndengu au nasoma ujumbe wa kazini, mkono wangu ulikuwa ukisimama wenyewe kumngoja amalize. Akimaliza, anaanza upya. Mimi si mtu wa kustahimili. Mama husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali.

Naishi Syokimau, kando ya jiji, lakini kazi yangu ni ya kompyuta na ofisi ilikuwa imeturuhusu kuifanyia popote penye mtandao. Kwa hiyo nilibeba nguo zangu nikaja nyumbani, chini ya vilima vya Iveti, kumsaidia mama kuandaa misa ya ukumbusho. Baba alikuwa anakaribia kutimiza mwaka tangu tumzike. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Baba mdogo, ambaye boma lake limepakana na letu, ndiye aliyetoa hukumu. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akamtazama mbwa kwa muda mrefu. Tumbo lilikuwa halina manyoya, masikio yalikuwa na magaga, na mgongoni kulikuwa na kidonda kibichi cha ukubwa wa kiganja.

"Padri anakuja hapa," akasema. "Wazee wanakuja, wakwe wanakuja. Hawawezi kupata mbwa iko na vidonda namna hii. Hiyo wiki ya misa ikifika bado inajikuna, mimi naita daktari aje na sindano ya kuimaliza."

Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumpaka mbwa oil chafu ya gereji, dawa ambayo huku kwetu hupakwa kila kinachowasha, na mbwa akabaki mweusi, ananuka kama lori, na bado anajikuna. Nilimwangalia mama nione atasema nini. Alikuwa anasuka kiondo. Hakuinua macho, na mimi nikaona amekubali, maana maisha yangu yote nilimjua kama mtu asiyependa mbwa. Tulipokuwa wadogo alikuwa akiwafukuza jikoni kwa mwiko.

Hapo nikashikwa na hasira ambayo hata sikujua ni ya nani. Huyo mbwa ndiye aliyempeleka baba shambani kila siku na kumrudisha. Siku ya mazishi alilala kwenye udongo uliochimbwa hadi akaondolewa kwa kamba. Nikajisemea kwamba hakuna mtu atakayemdunga sindano yoyote nikiwa hapa.

Daktari wa mifugo alikuja Jumanne. Alimkwangua ngozi, akampa dawa ya viroboto na sabuni, kisha akachuchumaa akimfungua mdomo.

"Hii si upele," akasema. "Hii ni chakula. Mbwa za huku zinakulanga chenye watu wamebakisha. Ngano, maziwa, mifupa ya kuku. Mwili ya huyu imekataa. Mpatie samaki na viazi tamu peke yake, wiki sita. Kingine chochote hapana, hata kipande."

"Na akipona?"

"Akipona utajua ni nini ilikuwa inamwasha."

Nikamchemshia makwasi, yaani viazi vitamu vya shambani kwetu, nikaviponda na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nikamwekea bakulini. Alinusa, akaniangalia, akaangalia mlango wa jikoni, akarudi kujikuna. Nikakumbuka kwamba huyu alizoea kupewa kwa mkono. Baba hakuwahi kumtupia chakula chini. Alikuwa akisema mbwa anayetupiwa atakuja kutupwa na yeyote. Basi kama ni kitu cha mkononi anachotaka, nitamtengenezea cha mkononi.

Nikaenda mjini kutafuta mafuta ya nazi, kwa mama mmoja mwenye duka karibu na msikiti, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani.

"Wapika wali, mwanangu?" akaniuliza.

"Biskuti."

"Za watoto?"

"Za mbwa. Anajikuna."

Akayafunga mafuta yangu polepole. "Mimi nina mume. Akisikia habari ya kupaka nyumba rangi hujikuna kutwa nzima. Zikifaa, uniletee."

Hatuna ovena. Tulilelewa kwa keki za jiko la makaa: unaweka mchanga wa mtoni ndani ya sufuria kubwa, unaupasha moto, unaingiza sufuria ndogo, unafunika, kisha unapanga makaa juu ya kifuniko. Niliponda viazi, nikakaanga omena bila mafuta hadi wakauke, nikawasaga kwenye kinu, nikachanganya na unga wa mawele, kijiko cha mafuta ya nazi na manjano kidogo, vitu ambavyo daktari alivikubali kwa simu. Nikakata vipande kwa mdomo wa glasi. Sufuria ya kwanza iliungua kwa sababu sikuweza kukaa bila kufunua kila dakika, nikaongeza makaa, nikaongeza tena. Ya pili ilitoka vizuri. Mbwa alikula sita moja kwa moja.

Mama alisimama mlangoni akitazama. "Asi. Sisi tunakula muthokoi ya mahindi, mbwa anakula keki."

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mbwa anajikuna. Nikaondoa manjano, labda ndiyo yanamchoma. Nikarudisha manjano. Nikafua gunia analolalia, nikalichoma, nikampa jingine. Nikafyeka nyasi zote nyuma ya jikoni, nikiwa na hakika kwamba ni nyasi. Nikamshuku jirani kwamba anamtupia mifupa, nikaenda kumuuliza, na jirani akaniambia kwa upole kwamba kwake nyama huliwa Krismasi. Sikuwa nikikaa. Nilikula nikiwa nimesimama, simu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, na sikio langu lilikuwa kwenye bati. Wiki ya tatu sikio la mbwa likatoa damu. Baba mdogo alipita, akatazama, akahesabu kwa vidole wiki zilizobaki, akaenda zake.

Asubuhi moja ya wiki ya nne nilitoka mapema kwenda sokoni kununua omena. Nilipofika barabarani nikakumbuka nimeacha simu kwenye chaji, nikarudi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai ya maziwa mkononi na chapati kwenye sahani mapajani. Mbwa alikuwa ameketi mbele yake, wima, ametulia kabisa. Mama alikata kipande, akakichovya kwenye chai, akala. Akakata kingine, akakichovya, akampa mbwa kwa mkono. Na alikuwa anaongea. Kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida tu, alikuwa anamwambia kwamba bawaba ya lango imekatika, kwamba kunde za shamba la chini zimeliwa na wadudu, kwamba msichana, yaani mimi, anakonda na hasemi kuna nini huko Syokimau. Zilikuwa habari za nyumba. Ndizo alizokuwa akimpa baba kila asubuhi kabla hajaenda shambani, naye baba akimsikiliza na kugawana chapati yake na mbwa. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeona jambo hilo maisha yangu yote, na nikalisahau.

Ngano na maziwa. Kila siku ya Mungu.

Ningeweza kurudi nyuma taratibu nikachukua simu baadaye. Mtu mwingine angefanya hivyo. Mimi nilisukuma mlango.

"Mama, unamuua."

Akashtuka, chai ikamwagika kwenye leso.

"Mimi nasaga omena mpaka mikono inaniuma, na wewe uko hapa unampa chapati? Ulimsikia daktari."

"Baba yako alikuwa anampea," akasema.

"Baba amekufa. Na huyu naye atakufa, sababu ni wewe."

Nilisema hivyo kwa mama yangu. Hakunijibu kwa ukali, ingawa nilistahili. Alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja, akasema, "Sawa." Akainuka, akatoka na sahani yake.

Hakumpa tena. Baada ya siku kumi bati likaanza kunyamaza. Baada ya wiki mbili kidonda cha mgongoni kikafunga, na tumboni manyoya yakaanza kuota, mafupi na laini. Daktari alipita akasema ndiyo hiyo sasa. Nilitembea kwa madaha pale bomani kama mtu aliyefufua wafu. Siku ya misa mbwa alilala nyuma ya viti vya wageni, safi, wala hakuna aliyemtazama mara mbili. Baba mdogo alinishika bega, akasema, "Hii umetushinda." Mama mmoja wa jumuiya alikuta kopo langu mezani, akala biskuti mbili na chai, akaniuliza kama ni zile za wagonjwa wa sukari. Nilimwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata ofisi ikatuita turudi. Nilioka makopo matatu ya biskuti, nikamwonyesha mama: mbili asubuhi, mbili jioni, kingine chochote hapana. Nilikuwa nafunga begi, mwenye bodaboda ameshafika langoni. Mama alikuwa amekaa kitandani mwangu na kiondo chake, lakini hasuki.

"Hiyo biskuti anapenda," akasema. "Nikimpatia anachukua, anaenda kuikulia huko nje chini ya parachichi. Hakai."

"Si kitu, mama. Bora amepona."

"Amepona, ndiyo. Nashukuru." Akavuta uzi wa kiondo, akauachilia. "Sasa mimi chai nakunywa na nani, mwiitu wakwa, binti yangu?"

Niliacha zipu ya begi nusu. Wiki nane nilikuwa nyumba moja na mama yangu, na katika asubuhi zote hizo sikukaa naye hata mara moja hadi chai ikaisha. Nilikuwa nasaga, nachota maji, nakimbia mjini. Nilimpikia mbwa. Yeye nilimpa maagizo. Niliona aibu. Mwenye bodaboda akapiga honi. Nilitoka nikamwomba aende, arudi Ijumaa.

Nilikaa siku nne zaidi. Sitasema zilibadilisha kitu. Asubuhi ya kwanza nilikunywa chai haraka nikajiunguza ulimi, na mama akacheka kidogo. Ijumaa niliondoka, maana kazi ni kazi.

Siku hizi nampigia kila saa kumi na mbili unusu asubuhi. Naweka simu mezani, sauti juu, nakunywa chai yangu na yeye anakunywa yake. Mara nyingine ananiambia habari za nyumba, mara nyingine hasemi lolote, namsikia tu akipuliza kikombe. Kila mwisho wa mwezi nampelekea biskuti, na ananiambia zinaliwa zote. Na ziko asubuhi ambazo, akiwa amenyamaza, nasikia kwa mbali bati linagongwa, ta-ta-ta, kidogo tu, kisha kimya. Simuulizi.