Kurasa Sita za Mwisho

Kurasa sita za mwisho za kitabu changu kinachopendwa zaidi hakuzichora mchoraji wangu. Nilizichora mimi, baada ya kumzika. Kwa miaka saba nimelikana jambo hili, mara nyingine bila hata kuulizwa.

Ninaandika vitabu vya picha vya watoto, kazi ambayo ndugu zangu wanaamini naifanya wakati nikisubiri kazi. Nina shahada mbili za fasihi, na maneno ya kitabu changu kizima hayajazi ukurasa wa daftari. Picha ndizo kitabu. Zangu zilichorwa na mwalimu mstaafu wa kijiji cha Kinole, aliyekaa barazani kwake akiichora milima kama alivyoiona tangu utotoni, mikarafuu mbele na ukungu ukipanda kutoka bondeni. Aliniita msomi, na hakuwa ananisifu.

"Msomi, umeandika 'mtoto alihuzunika'. Sasa mimi nichore nini? Lifute hilo, niachie."

Macho ya watu aliyaacha mpaka mwisho. Alimaliza ukurasa wote, ndizi, kuku, moshi wa jikoni, lakini nyuso zilibaki tupu mpaka kesho yake. Nilimuuliza sababu.

"Akishapata macho anaanza kukutazama," alisema. "Huwezi tena kumfuta."

Kitabu chenyewe kilihusu mtoto anayemtafuta kuku wake aliyepotea. Mwalimu alifariki ghafla, presha, akiwa amemaliza kurasa kumi na nane kati ya ishirini na nne. Baada ya mazishi mkewe alinikabidhi bahasha ya michoro bila kuifungua.

"Amemaliza?" aliniuliza.

Nikasema amemaliza. Mchapishaji alikuwa ameshanionya kwamba kazi ikikwama, kitabu kizima kitachorwa upya na mtu mwingine, na mimi nikajiambia nadanganya kwa ajili ya marehemu. Ndani ya bahasha, ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa wa penseli tu: mtoto amesimama mlangoni, kuku kwapani, uso mtupu. Pembeni ameandika: macho kesho.

Nilirudi mjini, nikabandika kurasa zake kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, nikaweka karatasi nyeupe juu yake na kufuatisha mistari. Mkono wa mtoto niliutoa ukurasa wa nne, miguu ukurasa wa kumi. Palipohitaji mlima nilichora ule niliouona nje ya dirisha. Kazi ilichukua wiki tatu. Katika wiki ya pili nilianza kushika penseli karibu na ncha, kama yeye, na siku moja nikajisikia nikikohoa kikohozi chake. Nilikunywa maji, nikaendelea.

Macho niliyachora bila kufuatisha chochote. Mwaka uliofuata nilikuwa nawasomea kitabu watoto wa darasa la pili katika shule moja ya Gairo, msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu wa huku mwisho haoni."

"Anaona. Ana usingizi tu."

"Amekufa," jirani yake akasaidia, na darasa likacheka. Nikacheka nao. Tangu siku hiyo hufunga kitabu ukurasa wa kumi na nane na kuwaambia watoto wakamalizie nyumbani. Walimu huisifu sana mbinu hiyo.

Mwezi uliopita mjane wa mwalimu alinitumia ujumbe. Familia inajengea kaburi, na wanataka picha yake ya mwisho, ile ya ukurasa wa ishirini na nne, fundi aihamishie kwenye marumaru. Nipeleke mchoro wenyewe.

Sikujibu kwa wiki nzima. Mchapishaji nilikuwa nimemweza, na wasomaji pia, lakini marehemu angelala chini ya mlima wangu na yale macho yangu. Kila siku niliutoa ukurasa wa kumi na tisa kwenye droo, nikautazama, kisha nikaurudisha kifudifudi, ingawa hauna kitu cha kunitazama nacho.

Jumamosi asubuhi mjane akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, msomi. Picha unaileta lini?"

"Mama, ile picha si yake. Aliishia ukurasa wa kumi na nane. Zilizobaki nilichora mimi."

Nilimsikia akifukuza kuku.

"Najua," alisema. "Mlima ule ni wa kwenu mjini. Sisi huku tunauona kwa upande mwingine. Mume wangu angeuchoraje mlima kutoka dirishani kwako?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku uliponiletea kitabu."

"Na hukusema?"

"Uliniambia amemaliza. Nikasema moyoni, ngoja nimwone msomi, atakaa na uongo huu mpaka lini. Miaka saba, msomi! Haya, ya mwisho yake ni ipi? Fundi yuko hapa ananisubiri."

Nikamweleza: mtoto mlangoni, penseli tupu, hana macho, na pembeni pameandikwa macho kesho.

"Mwandiko wake?"

"Wake."

"Basi ilete hivyo hivyo," alisema. "Na penseli yako uiache nyumbani."