Jambia la Kiraka cha Shaba

Kwetu Darsait, mtaa wa Maskati, vita vya Unguja vilikuwa vikipiganwa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Bibi yangu, mama wa baba, alisogeza sahani, akachukua mchi wa kutwangia thomu, akaupiga kwenye sinia la shaba mpaka vikombe vikaruka. Huo mzinga wa kwanza, akisema. Halafu wa pili. Sisi wajukuu tulikuwa tunaijua hadithi yote, na bado tukishtuka.

Mfalme wa Unguja kafa. Mwana mmoja wa ukoo wake kaingia jumba la kifalme bila kuwauliza Waingereza, watu wakinong'ona kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, wako nyuma yake. Waingereza wakampa muda: saa tatu asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Manowari zikafungua moto na jumba likawaka, ghorofa ya juu ikawaangukia waliokuwa chini. Saa nzima haikutimia. Babu yake baba yangu alikuwa humo ndani, miongoni mwa watu wa yule mwana wa mfalme, na mkewe, ambaye ndiye mama mkwe wa bibi yangu, alikwenda kumtafuta kwenye kifusi kwa mikono yake. Alimjua kwa kidole cha mguu. Uso haukuwapo. Mkanda wake ulikuwa umekatwa kwa kisu, na jambia limekwenda.

"Kafa nalo kiunoni," bibi akimaliza hivyo kila Ijumaa. "Hata kulichomoa hakuwahi. Wakaja mbwa wakamvua."

Mbwa hao ni askari wa Unguja waliokuwa upande wa Waingereza. Watu wa kisiwa kimoja, msikiti mmoja. Na yule mwana wa mfalme? Alipitia mlango wa nyuma, akakimbilia kwa balozi wa Kidachi, Wadachi wakamtia katika meli yao akenda zake bara salama salimini. Niseme kweli, mimi nilimchukia yeye kuliko Waingereza wenyewe. Watu wanapikwa kama pweza ndani ya jumba, na yeye anakunywa kahawa kwa balozi.

Jambia lile tulilijua kama tunavyojua sura zetu. Ala yake ya fedha ilikuwa na kiraka cha shaba, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, pale penye kona. Mwenyewe mama mkwe wa bibi aliliangusha kwenye ngazi alipokuwa bi harusi, ala ikapasuka, na sonara aliyekuwa karibu hakuwa na fedha siku hiyo, akaziba kwa shaba. Bibi alikuwa akituchorea kiraka kile kwa kidole juu ya unga.

Sasa nije kwangu. Miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali, na meza iliyotazamana na yangu alikaa kijana wa mtaa wa Wadi Kabir, Mzinjibari kama sisi, yaani Mwomani aliyetokea Unguja. Wenzetu wa ofisini walikuwa wakitucheka Kiarabu chetu, wakituuliza kama kweli sisi Waomani au tumeokotwa njiani. Mimi nikiwajibu kwa ulimi, yeye kwa kunyamaza. Nikampenda kwa kule kunyamaza, maana kwetu hakuna ajuaye kunyamaza. Alipoleta posa, baba akauliza ukoo, akaridhika, akakubali.

Na dhihaka ile ndiyo iliyotuponza. Mzinjibari akiwa na sherehe Maskati hufungua sanduku akatoa kila kitu cha kale alichonacho, ili watu waone kwamba ana asili. Baba mkwe wangu naye alifungua lake. Siku ya kufunga ndoa, Alkhamisi alasiri, alimvisha mwanawe jambia la babu yake, la fedha, zee, ambalo halikuwa limetoka sandukuni tangu wahame Unguja. Alitaka kutuheshimu, maskini.

Wanaume walikuwa majilisini, chumba cha wageni, na shekhe na daftari lake. Mimi nilikuwa chumba cha pili na wanawake, nimevaa kijani, nasubiri kuulizwa kama nimeridhia. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa akipita na mdila wa kahawa. Huyo ami ni mtu aliyeona ndugu zake wakichinjwa mwaka wa mapinduzi, na tangu hapo hasira yake haikuwa na breki. Aliinama kummiminia bwana harusi. Akabaki ameinama. Kahawa ikajaa kikombe, ikamwagikia zulia, na yeye anatazama kiunoni mwa mtu.

Aliuliza, kwa upole ulionitisha, jambia hili mmelipata wapi. Baba mkwe wangu akajibu kwa fahari kwamba ni la babu yake, aliyekuwa askari, na alilipata siku jumba la mfalme lilipopigwa. Akaliokota, alisema. Masikini ya Mungu, hata hakujua anajichimbia kaburi.

Ami akasema mwana wa nyoka ni nyoka. Akamshika bwana harusi kwenye mkanda, akavuta, na jambia likachomoka alani, likabaki mkononi mwake. Kumchomolea mtu jambia lake mbele za watu, kwetu ni sawa na kumvua nguo. Kaka yake bwana harusi akaunyakua mdila, akampiga nao ami usoni, kahawa ya moto yote. Ami hakupiga hata kelele. Alichoma mbele bila kuona, akimlenga yule mzee, na bwana harusi akajitia katikati, akayadaka makali ya jambia kwa kiganja. Nilisikia kitu kikikatika kama muwa. Damu iliruka mpaka kwenye sahani ya halua. Kisha wote wakaingiana, viti, ngumi, vilemba. Baba yangu, mtu wa miaka sitini na zaidi, amemkaba koo baba mkwe wangu na anambamiza kichwa ukutani. Shekhe amesimama pembeni, daftari kifuani, anasoma Ayatul Kursi.

Niliingia. Bi harusi haingii kwa wanaume, najua. Nilimng'ang'ania ami mkono, nikamuuma mpaka jambia likaanguka, nikalikanyaga. Baba akageuka akanizaba kofi, la kwanza maishani mwangu, nikaonja damu. Akasema ndoa hii haipo tena, akawaamuru watoke nyumbani kwake na jambia libaki. Baba mkwe wangu, pua inamchuruzika, akasema hatoki bila mali ya babu yake, bora afe. Nikaona wazi kwamba atakufa mtu pale, na nikaona pia kwamba nikimwacha huyu kijana atoke mlangoni simpati tena.

"Mahari sitaki ile mliyopatana," nikasema. "Nnataka jambia hili. Wakinipa, liko kwetu. Baba, si ndo unalolitaka?"

 Kwa baba mkwe, kulitoa mahari si kunyang'anywa, ni heshima. Kwa baba, binti yake akipewa, ukoo umerudishiwa. Wakatazamana wale wazee, wanahema. Baba mkwe akainua kidole kimoja, ndiyo. Baba akakaa chini. Shekhe akafungua daftari kabla hawajabadili mawazo, na mume wangu akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa leso yangu imelowa chapachapa.

Kesho yake ami alikuja na misumari kulitundika ukutani kwa baba, uso umembabuka. Nikamwambia mahari ni ya mke, si ya baba wala ya ami, na mimi nakwenda nalo kwa mume wangu. Baba aliniachia, maana sheria anaijua. Ami alinilaani mpaka barazani. Hakusema nami tena hadi alipofariki, na kofi la baba sikulihisi kama nilivyolihisi hilo.

Kabla sijaondoka nilimpelekea bibi jambia kitandani. Miguu ilikuwa imemwacha, kelele zote alizisikia kutoka chumbani kwake. Nilidhani atalia kwa furaha. Alipitisha kidole kwenye kiraka cha shaba, akakipata bila kutazama. Kisha akalichomoa kidogo, akaona damu iliyokauka karibu na mpini, akauliza ni ya nani. Nikamwambia.

Alilirudisha alani. 

"Mwenyewe kafa hajamkata mtu kwalo," akasema. "Mie ndo nilolitia njaa, kila Ijumaa. Na la kwanza kula, limekula wa kwetu."

Tangu siku ile hakupiga tena mchi kwenye sinia. Mume wangu vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo, na vifungo vya kanzu yake namfungia mimi.